Maji ya Mwisho ya Habuba

Mama yangu mdogo Kadija ameosha maiti wa kike wa mtaa wetu wa Walukuba, hapa Jinja, kwa miaka ishirini na sita, na kama kuna mtu wa kuniambia hiyo si kazi, aje aniambie usoni. Akiitwa anafunga kanga kiunoni, anachukua beseni lake la bluu, anakwenda. Huwaongelesha marehemu kama watu walioamka na uvivu: "Haya dada, inua mkono. Geuka kidogo tumalize." Mara tatu, ya mwisho kwa kafuri, basi. Wazee wakikutana naye sokoni humtania: "Kadija, usinipime kwa macho, mimi nipo nipo kwanza!" Naye hucheka mpaka anashika mbavu.

Mwaka jana alimwosha mama yake mzazi, Bi Hawa, nyanya yangu, ambaye sote tulimwita Habuba. Habuba alizaliwa Mbale, chini ya mlima, jirani na chemchemi ya Nandiro. Babu zetu, wale askari walioletwa kutoka Sudani, walipiga kambi pale, na wake zao waliwaosha wafu wao kwa maji hayo. Alitusimulia mpaka masikio yakachoka. "Nikifa, maji yangu ya mwisho yawe ya Nandiro. Niahidini." Tukamwahidi.

Akafariki baada ya isha. Shehe akasema maziko ni kesho yake alasiri, hakuna kungojana. Mimi, Ramlah, mjukuu mwenye miguu myepesi, nikapewa jerikeni na kutumwa Mbale alfajiri. Saa nane mchana nilirudi nalo limejaa. Mama mdogo alilipokea kwa mikono miwili, akaangua kilio.

Wiki tatu baadaye tuliitwa kumwosha jirani yetu. Mimi ndiye ninayemmiminia mama mdogo maji siku hizi. Alipomaliza mara ya tatu, akageuka ghafla.

"Nani kasema bado?"

"Hakuna aliyesema, mama mdogo."

"Kuna mtu kasema bado." Akaosha mara ya tano, kisha ya saba. Nje wanaume walishaanza kukohoa.

Ikawa hivyo kila msiba. Safari moja alifika mara tisa, maji yakaisha, na bado alikuwa anatega sikio. Alisema sauti ni ya Habuba, haina hasira, imechoka tu. Watu wakaanza kunong'ona, na familia mbili zikaenda kumwita mwoshaji wa mtaa wa Kimaka. Siku ya ile familia ya pili mama mdogo alikaa na beseni mapajani asubuhi nzima. "Nisipoosha watu, Ramlah, mimi ni nani?" Nikaenda kuchochea moto uliokuwa unawaka vizuri.

Akaamua: twende Nandiro, tuulize kilichopungua. "Wewe njia unaijua," akaniambia. Nikainama kutafuta jerikeni, nisimwangalie.

Tulifika mchana kweupe. Maji yanatoka chini ya mwamba mweusi, baridi, hayana kelele. Mwaka wa tohara, vijana wa Kigisu huletwa kuogeshwa pale. Mlinzi ni mama mmoja anayeitwa Namono, ambaye ukoo wao umelinda mahali hapo tangu zamani, na alikuwa amekaa kwenye kigoda akichambua maharagwe.

"Nani mgeni?" akauliza bila kuinua kichwa.

Ndiyo desturi ya pale. Anayekuja mara ya kwanza huja na maji ya kwao, huyamimina kijitoni chini ya mwamba, hutaja jina lake na la aliyemtuma, ndipo achote. Aliyewahi kuchota hupita moja kwa moja. Habuba alimfundisha mama mdogo hayo, naye mwaka jana alinipa chupa yangu. Ndiyo maana alikuja na chupa ya maji ya Nile, chupa moja tu.

"Mimi ndiye mgeni," akasema. "Huyu mwanangu alikuja mwaka jana." Kisha kwangu: "Pita, Ramlah. Wewe si mgeni."

Namono aliacha maharagwe, akaniangalia. "Mimi sura sisahau," alisema. "Hii sijaiona."

Ningeweza kubisha. Mimi ni hodari wa kubisha, mtaa mzima unajua. Lakini yale maji yalikuwa yanatoka tu pale chini, taratibu, na miguu ikakataa kupita.

"Sikufika," nikasema. "Gari liliharibika Iganga, nikangoja, nikachoka, nikakasirika. Nikajiambia maji ni maji. Nikarudi, nikajaza kwenye bomba la Bugembe, hapo karibu na Jinja, nikakaa mgahawani mpaka saa ilipofaa kurudi. Nisamehe, mama mdogo. Nilimdanganya Habuba akiwa amelala pale hawezi hata kuniuliza."

Nililia kwa aibu. Nilitaka anipige kofi, ningeshukuru. Mama mdogo alishuka kijitoni, akataja jina lake na la mama yake, akamimina nusu ya chupa. Iliyobaki akaninyooshea.

"Kumbe," alisema polepole, "siku zote alikuwa anakusemesha wewe. Mimi nilikuwa karibu tu."

Nikamimina. Nikataja majina. Tukajaza jerikeni, nikalibeba mwenyewe mpaka Jinja, na siku iliyofuata nikalimwaga lote juu ya kaburi la Habuba, taratibu, kuanzia kichwani. Udongo ukayanywa.

Mama mdogo amerudi kazini. Anaosha mara tatu, anafunga sanda, anaomba chai. Wiki iliyopita nilimsikia akimwambia marehemu, "Dada, ulikuwa na nywele nzuri, sisi tulikuwa tunaona wivu tu." Uso wake umenawiri. Namshukuru Mungu kwa ajili yake, kweli kabisa.

Lakini maji ya kaburini si maji ya mwilini. Hilo nalijua, na Habuba analijua. Jana mchana nilikuwa peke yangu jikoni naosha vyombo. Nikasuuza sufuria mara ya tatu, nikafunga bomba, nikanyoosha mkono kuchukua kitambaa.

"Bado," akasema mtu nyuma yangu, kwa sauti iliyochoka.

Nikafungua bomba tena.