Wati Hamsini za Kuwaonyesha Wakwe

Haya, chekeni tu, mimi nilishazoea, kwa sababu aibu niliyopata siku wakwe walipokuja kuangalia ng'ombe kwetu Kaplong hata mvua yote ya Kericho haiwezi kuiosha.

Miaka ya sabini ndiyo inaanza, mimi ni karani wa kupima majani chai, kijana wa soksi ndefu na maringo, na nina gramafoni, spika mbili za mbao na amplifaya ndogo ya wati tatu inayotumia betri ya gari, nayo ilikuwa inajaza nyumba muziki vizuri kabisa (sauti yenyewe sikuwahi kuifungua hata nusu). Lakini wazee wa kina Chelangat, msichana niliyempenda mpaka nikawa nasoma mizani vibaya, walikuwa wanakuja kuona ng'ombe za mahari, na wakizikataa, basi sina bibi. Nikaona wati tatu zitaniaibisha. Nikapanda baiskeli mpaka Chepilat kwa fundi Nyakundi, aliyekuwa na amplifaya ya wati hamsini ya mikutano ya injili.

"Unaenda kuhubiria nani?" akaniuliza.

"Wakwe."

"Bwana, muziki wako wa nyumbani haumalizi hata nguvu ya taa ya baiskeli. Hii ni ya uwanja, itapasua spika zako."

"Wewe nipe tu!"

Wazee wakafika, wakaingia bomani kupapasa ng'ombe. Nikaweka spika dirishani zikitazama boma, nikashusha sindano. Kimya. Nikaongeza sauti. Kimya. Nikaifungua mpaka mwisho, wapi (waya ulikuwa umelegea huko nyuma, na mimi sikuangalia), halafu baba akaniita mbele ya watu, "Kipkorir, hicho kitu kinaimba ama kinaomba?" nikashikwa na hasira, nikausukuma ule waya kwa kidole.

Wee! Vibuyu vya mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha, vilianguka, ng'ombe wote sita wakavunja boma wakaingia kwenye chai ya jirani, na babake Chelangat, mzee wa watu, ambaye alikuwa ameshika mkia wa fahali, akakokotwa hatua kadhaa kabla hajakumbuka kuuachilia. Spika zikasema krrr, zikapasuka, zikanyamaza.

Mzee akasimama, matope mpaka kwenye kofia. "Tulikuja kuona ng'ombe," akasema. "Tumeona matako yao." Wakaenda zao, hata chai hawakunywa, na mimi nikalia, sioni haya kusema.

Walikaa miezi mitatu ndiyo wakarudi, baada ya baba kubembeleza sana. Siku hiyo nilipiga muziki kwa wati zangu tatu na spika ya kuazima, na mzee akasikiliza, akatikisa kichwa, akaniuliza, "Na hii sauti ilikuwa wapi siku ile?"

Sijaazima amplifaya tena, na sitaazima. Lakini hata leo, nikigusa tu redio, Chelangat ananyanyuka kwenye kiti: "Ngoja, baba watoto, kwanza nifunge ng'ombe."