Tamu ni Jibu la Mgeni

Jikoni kwa Mama, pale mtaa wa Umoja, neno tamu lilipigwa marufuku. Alikuwa akinidondoshea mchuzi kiganjani, nalamba, kisha anangoja. Nikisema ni tamu, ananiambia hilo ni jibu la mgeni. Mgeni hula, hushukuru, huenda zake. Mtu wa nyumbani husema chumvi iko mbali, au nyanya bado ina ukali, au mboga ni chapwa. Nikiwa mdogo nilikereka sana. Nilitaka kula, si kufanyiwa mtihani.

Jumamosi moja mwaka huu nilitoka kwangu Donholm nikamkuta na sufuria kubwa ya managu. Kesho yake kina mama wa kanisa wangekuja kula, na managu ya Mama ndiyo waliyokuwa wakiyangoja. Kwetu magharibi mboga hiyo haipakuliwi siku ya kwanza. Huchemshwa, hutiwa maziwa, hulazwa hadi kesho yake, ndipo uchungu unapungua. Hii haikuwa na tone la maziwa, naye alisema iko tayari, kesho ni kupasha moto tu.

Akanidondoshea kiganjani. Chungu kama shubiri. Yeye alilamba yake bila kukunja uso. Nikakumbuka homa iliyomlaza wiki mbili, na jinsi tangu hapo alivyokuwa akimimina sukari kwenye chai kama anayefukia shimo. Niliogopa.

“Ni tamu,” nikasema.

Nikaanza kuosha vikombe vilivyokuwa safi. Nikafungua dirisha, nikalifunga. Nikapanga vijiko, nikavipangua. Nilijichukia. Kesho angeaibika mbele ya wenzake, na mimi ndiye niliyempa ruhusa.

“Kwani siku hizi umekuwa mgeni hapa?” Mama akauliza.

Aliketi kwenye stuli, mwiko mapajani. Akanieleza kwamba tangu ile homa hasikii chumvi wala sukari; kila chakula ni kama kutafuna karatasi. Amekuwa akipika kwa mazoea, na hata hayo mazoea yameanza kumtoroka. Nikamtajia maziwa. Akashika kichwa.

“Sasa na wewe ukinidanganya,” akasema, “nitajua aje?”

Nikamwambia ukweli: ni chungu, Mama, chungu sana, na chumvi iko mbali. Alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. Nilikimbia dukani nikaleta maziwa, tukayatia, tukaiacha mboga ilale.

Jumapili kina mama walikula hadi wakalamba vidole, kila mmoja akisema ni tamu. Mama aliwashukuru, lakini sahani yake ilikuwa bado mkononi, haijaguswa. Alikuwa akinitazama mimi niliyesimama mlangoni na kiganja kilicholowa mchuzi.

Nikamwendea, nikamwambia sikioni kwamba uchungu umebaki kidogo tu, ule unaotakiwa, ila chumvi ingeongezwa kidogo. Ndipo akaanza kula.