Mashine ya Nusu Volti

"Mashine yangu inakula nusu ya volti za mashine zenu, kwa hiyo na bili yangu ni nusu ya bili zenu!"

Hivyo ndivyo kinyozi Wembe alivyowatambia vinyozi wa mtaa mzima, siku dada yake alipomletea mashine ya kunyolea kutoka ng'ambo. Imeandikwa volti mia moja na kumi; ukutani zipo mia mbili na arobaini. Hesabu gani tena?

Akaibadilishia plagi, akaiweka akiba ya kichwa cha heshima. Kichwa hicho kikaja Jumamosi: baba wa mchumba wake, fundi bomba mwenye nywele tele, aliyesema wazi kwamba amekuja kumpima mkwe.

Wembe akawasha. Mashine ikanguruma kama nyuki waliochokozwa, ikapanda kutoka kisogoni hadi utosini, ikatoa moshi, ikakata roho.

Mzee akajitazama kiooni. Katikati ya kichwa, barabara ya lami. Wahenga walisema mdomo huponza kichwa. Hawakusema kichwa cha nani.

"Mwanangu, unaninyoa au unanichoma?"

"Samahani, baba! Sielewi, mbona volti zake ni chache?"

"Ndicho kilichoiua. Volti si wingi wa umeme, ni msukumo wake. Tangi likiwa juu ya ghorofa, maji yanapiga kwa kishindo. Likiwa juu ya kigoda, yanatiririka kwa adabu. Mashine yako ni ya tangi la kigoda, wewe umeichomeka chini ya ghorofa."

"Na bili?"

"Bili haitazami msukumo peke yake, inatazama na wingi wa umeme unaopita."

"Kumbe nimeinyonga mwenyewe."

"Umeinyonga, na shahidi ni kichwa changu."

Wembe akaiweka mashine kando. Moyoni alimwona mchumba akiondoka zake kwa barabara ile ile. Akachukua mkasi, kisha wembe, vitu visivyojua plagi, akanyoa polepole kama anayemenya yai bichi, hadi kichwa kikang'aa kama sufuria ya dukani.

Mzee akajipapasa akitafuta mkwaruzo. Akakosa.

"Mkono unao," akasema, akikung'uta shuka la kunyolea. "Binti utapewa. Ila hako kamdomo, kapunguzie volti."

Siku hizi mlangoni kwa Wembe pana ubao mdogo: Kunyoa kwa mkono, elfu moja.