Kamba ya Jilala

Machimboni Kewanja mtu hashuki shimoni bila mwenzake wa kumshikia kamba, na kwa miaka tisa kamba ya Jilala ilishikwa na Nchagwa. Jilala ni Msukuma Mwislamu, aliyefuata dhahabu kutoka Geita. Nchagwa ni Mkurya mwenyeji, hakosi misa wala pombe. Walichimba, wakagombana, wakapatana.

Nchagwa huyo huyo ndiye aliyembatiza jina la Mujahidina. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, akamwona anaponda mawe tangu alfajiri bila tone la maji. Jilala akacheka, akamweleza alivyofundishwa na maalimu wake: neno ni la Kiarabu, limetoka kwenye jihadi, yaani kujitahidi kwa nguvu zote. Wapo walioshika silaha kwa ajili ya dini wakaitwa hivyo. Ila maalimu alisema adui mgumu kuliko wote ni nafsi yako.

"Basi ndiye wewe," Nchagwa akasema. Jilala alipomwoa Wegesa, Nchagwa akamchorea jina hilo mlangoni kwa rangi nyekundu, zawadi ya harusi.

Halafu redio ikaleta habari za watu wanaochoma vijiji huko mbali, ikawataja kwa neno lile lile. Majirani waliopita mlango ule miaka mitano bila kugeuza shingo, sasa wakausoma. Likaitishwa ritongo, baraza la wazee, ambalo likikutenga hakuna wa kukusalimia, kukupa moto wala kufanya kazi nawe.

"Nani aliandika pale?" Mzee Machage akauliza.

"Nchagwa, mzee wangu. Na maana yake anaijua, nilimweleza."

Watu wote wakamgeukia Nchagwa. Akatazama vidole vyake, akawaza watoto wake sita na ukoo wake uliojaa pale.

"Mimi nilikuta limeandikwa," akasema.

Wazee wakamtenga Jilala. Wegesa akalia. Jilala aliona aibu, kana kwamba uongo ule kausema yeye. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, husema watu. Husema tu.

Asubuhi alisimama mdomoni mwa shimo na kamba yake, maana hakuwa na kazi nyingine duniani. Wachimbaji wakampita kimya. Wa mwisho alikuwa Nchagwa.

"Nishikie leo tu, ndugu yangu," Jilala akamwambia, akamnyooshea ncha ya kamba.

Nchagwa akaizunguka kama mtu anavyozunguka dimbwi, akaenda kumshikia mwingine.