Kasiksi ya Kuchemsha

Yule ajenti wa afya aliuchoma muvure wa mama yangu mchana kweupe, barabara ikiwa imejaa watu, akatulazimisha tusimame tutazame. Sijamsamehe. Nimekuwa bibi kizee, nimewazika wengi niliowapenda na wachache niliowachukia, na yeye nadhani amekwisha kufa zamani. Bado sijamsamehe.

Muvure ni gogo lililochongwa kama mtumbwi, la kukamulia ndizi. Wetu ulikuwa wa mama yake mama, uliteremshwa kutoka vilimani, na mti wake ulikuwa umenywa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, hata ukiwa mkavu ulinukia. Kwa muvure ule mama, mjane, alitulisha katika ua wetu, mtaa wa Kadutu mjini, miaka ile ya mwisho ya Wabelgiji. Mimi nilikuwa binti mkubwa, nikikamua naye bega kwa bega.

Amri ilisema pombe yetu ni uchafu. Ndizi zisiivishwe shimoni. Tusikamue kwa nyasi wala ndani ya gogo. Maji ya ndizi yachemshwe, unga wa mtama uliosagwa juu ya jiwe usitiwe ndani, chombo kifungwe kwa kizibo, watu wasinywe kwa mrija mmoja. Labda baadhi ya maneno hayo yalikuwa na maana. Watoto walikuwa wanaharisha kila mvua zikianza, sikatai. Lakini bia ya chupa ya Wazungu, kule mtaani kwao Muhumba, haikumwagwa hata tone. Walimwagiwa wajane. Na aliyetumwa kumwaga alikuwa Mushi, mtu wa kabila letu, mtoto wa vilima vilevile, kaptula ya kaki na soksi zimevutwa hadi magotini. Alimimina petroli, akawasha kiberiti, akamwambia mama kwa Kifaransa ashukuru kwamba hampeleki jela. Mimi niliyesoma kidogo kwa masista ndiye niliyetafsiri. Mama akasema asante. Asante ile iliniunguza kuliko moto wenyewe.

Tangu hapo mama aliuza mihogo ya kuchemsha kando ya njia, na wadogo zangu wakaacha shule. Nilikuwa nikilala na kuamka na jina la yule mtu mdomoni, na si kwa kumwombea.

Kisha ajenti akataka kuoa. Alikuwa amepata binti upande wa Katana, kwa baba mwenye ng'ombe na mwenye sauti. Kwetu unaweza kupeleka ng'ombe wanono na mablanketi mapya, lakini bila kasiksi bado hujabisha hodi, na bia ya chupa haihesabiki. Wapika pombe wengine walikuwa wamejificha mabondeni, na kuwaendea kungekuwa kukiri kwamba anajua walipo. Ndipo akaja kwa mama, bila haya, msaidizi wake akiwa nyuma na bomba la dawa mgongoni.

"Mama, nataka kasiksi ya mahari," alisema. "Ile muzuri sana."

Mama alikuwa anamenya mihogo, na hakuinua uso.

"Nitaipika vile sheria yako inasema, papa ajenti."

Angejibu nini mbele ya msaidizi? Aseme vunja sheria? Alicheka kidogo, akasema ndiyo, ndiyo, safi kabisa, akaondoka akiamini kwamba mama anajipendekeza tu. Mimi niliwaka hasira. Nilidhani mama amekwisha kuvunjika. Alipoagiza nilete sufuria kubwa na sabuni, ndipo nilipoelewa, na nilikimbia kuzileta.

Hatukuacha hata neno moja la amri. Ndizi tuliziivisha ndani, juu ya mkeka safi. Tulizikamua kwa mikono katika beseni lililosuguliwa. Tulichemsha maji yake mpaka yakatoa povu, unga wa mtama, ule unaoichachua pombe, hatukuutia, na yalipopoa tukayajaza katika madamejane, ile mitungi ya vioo yenye vikapu, tukaziba kwa vizibo. Yalikuwa matamu. Mtoto anayenyonya angeyanywa akalala vizuri.

Siku ya kuchukua mzigo mama alitoa mrija, kwa kuwa desturi ni muuzaji aonje kwanza, mnunuzi afuate. Ajenti alinyoosha mkono, akamwona msaidizi wake, akakumbuka amri ya mrija mmoja, akaurudisha. Mama alijua kwamba angeurudisha.

Nilipanda lori pamoja na ajenti na watu wake hadi Katana, maana nyumba iliyopika ndiyo hutoa mtu wa kumimina. Wazee walikuwa wameketi uani. Aliyeleta pombe hunywa wa kwanza, watu wasije wakafikiri sumu, basi nilimimina na kumpa ajenti mrija mikononi. Nilitazama koo lake. Lilisimama, kisha likameza, na akatabasamu vibaya sana. Baba wa binti akavuta, akampa ndugu yake. Ndugu yake akavuta, akampa mtoto aliyekuwa karibu. Mtoto akanywa yote akaomba tena.

Baba wa binti alimwuliza ajenti kwa upole kama huko mjini wanaume wanaoa kwa maji ya watoto. Ajenti akanigeukia, akasema sisi wanawake tumemdanganya.

"Tulichemusha vile ulituambiaka," nilimjibu, kwa sauti ya kusikika na wote. "Na muvure ya mama uliichoma wewe mwenyewe."

Kila mzee pale alikuwa na muvure nyuma ya nyumba yake, wa baba au wa babu. Baba wa binti aliniuliza ni muvure gani, nami nikaeleza yote: petroli, kiberiti, na ile asante. Alisikiliza hadi mwisho.

"Mutu anachoma muvure ya mujane," alisema, "na mutoto wangu aishi naye namna gani? Rudisha ng'ombe zako."

Binti alilia ndani ya nyumba, nikamsikia, na kwa ajili yake nilisikitika kidogo. Kwa ajili ya mwanamume sikusikitika. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Hakukanyaga tena uani kwetu, kwa kuwa alipopita Kadutu wanawake walimwuliza kama kiu imekwisha. Mama alichongewa muvure mwingine, akapika hadi alipofariki.

Mimi ni Mkatoliki, nimeungama mengi, mengine ya aibu kuliko hilo la kasiksi. Hilo sijaliungama, na sitaliungama, kwa sababu padri anataka mtu ajute kwanza.