Kanga Kwenye Bomba la Hewa

Jamani, mimi fundi wa Bigwa ninayejisifu kutwa, juzi nimeumbuka. Nilimaliza kuunda upya injini ya lori kuukuu la Mzee Sefu, likagoma kuwaka, na huko Matombo ndizi zake zinazidi kuiva. Nikapima kompresheni, ule mgandamizo wa hewa ndani ya injini, iko chini kwenye pistoni zote.

“Mzee wangu, ringi za pistoni ulizoleta ni feki,” nikatangaza mbele za watu. “Tunafungua upya.”

Mke wangu, aliyeniletea chakula, akaona ncha ya nguo kwenye bomba la kuingizia hewa kwenye injini, nililoliziba vumbi lisiingie nikasahau. Akaivuta. Mzee akajaribu tena, lori likanguruma, watu wakashangilia.

Mke wangu hakushangilia. “Baba Rehema, hii si ile kanga yangu ya Idi, uliyosema imeibiwa kambani?”