Nilivyochechemea Bila Kuumwa Mguu

Nianze na bei, mwanangu, kwa sababu miaka yote niliyouza mitumba sokoni Gikomba sikuwahi kumfungulia mteja mzigo kabla hatujaongea bei. Jambo ninalotaka kukusimulia lilinigharimu jozi mbili za viatu vizuri, vyote vikilika upande mmoja, na goti ambalo lilikuwa halina ugomvi na mtu. Kwaya yetu nayo ililipa: ilikaa bila mpiga besi tangu majani yalipopukutika hadi theluji ilipoyeyuka. Nimehesabu mara mbili. Hakuna punguzo.

Wakati huo nilikuwa sijafika hamsini, umri ambao siku hizi nauita ujana. Tulikuwa tunakaa Tumba, hapa Uswidi, kama sasa, na moyo wangu ulikuwa umeanza kufanya kazi kama karani anayekaribia kustaafu: kazini anafika, lakini usimharakishe. Nikitembea kidogo niko sawa kabisa. Nikizidisha, pumzi inakatika na lazima nitafute ukuta wa kushika. Lakini ukinitazama nimesimama, unaona mwanamke mwenye mwili na sauti, anayeweza kukuuzia koti ulilolivaa.

Daktari aliandika, manispaa wakauliza, wakarudi kuuliza tena, na mwisho nikapewa ile kadi ya buluu ya kuegesha gari kwenye nafasi za walemavu. Upande wa juu ina alama ya kiti cha magurudumu, upande wa chini ina picha ya mwenyewe. Unailaza kwenye dashibodi, alama ikitazama nje. Hapo ndipo shida ilipoanzia, maana watu waliona kiti cha magurudumu, kisha akashuka mama wa kitenge na viatu vya kisigino, amebeba sufuria ya pilau.

Waswidi hawakusemi usoni. Mswidi akichukia anaandika karatasi, anaikunja vizuri, anaichomeka kwenye waipa ya kioo cha gari na kwenda zake. Yangu ya kwanza ilianza kwa salamu, ikamalizia kwa salamu za kirafiki, na katikati ikaniita mwizi. Sisi wenyewe ndio tunaosema usoni. Kwenye ukumbi wa Hallunda tuliokuwa tukikodi kwa ibada ya Kiswahili, Wakenya na Warundi na Wakongo pamoja, mtu mmoja alinivuta kando akaniuliza kwa upole kadi ile nilinunua kwa nani, na kama huyo mtu bado anazo. Nilipomwambia ni moyo, alicheka akasema moyo kila mtu anao.

Basi nikapiga hesabu ya sokoni. Kueleza habari za moyo wangu kila Jumapili ni ghali. Kuchechemea ni rahisi. Nikaanza: nikishuka garini nakunja uso kidogo, naburuta mguu mpaka mlangoni, na nikishaingia ndani napona. Biashara ilishika vizuri ajabu. Baba Nestori, dereva wa basi mstaafu kutoka Burundi, aliyejitolea kusimamia maegesho yetu kwa kizibao cha manjano na uzito wa jenerali, akawa ananipokea sufuria. Akina mama wakaniombea mguu. Nami, Mungu anisamehe, nikaitika amina.

Katika kwaya tulikuwa na kijana anaitwa Elia, mrefu, mabega mapana, mwepesi wa kucheka. Ndiye aliyepiga gitaa la besi. Majira yale ya kupukutika majani akaacha kuja, na kwaya ikawa inaimba kama watu waliosimama kwenye mashua. Tuliambiana kwamba vijana ndivyo walivyo. Hakuna aliyeuliza zaidi, mimi nikiwemo.

Siku moja mwisho wa baridi nilimpelekea chapati bibi yake, Bibi Kezia, huko Vårby gård. Bibi Kezia alikuwa mtu wa maneno machache, na kila moja alilitoa kama anayelipia. Alinimiminia chai, akaniacha ninywe nusu kikombe, ndipo akauliza:

"Mama Njeri, mguu unaokuuma ni upi?"

Nikasema wa kushoto.

"Jumapili iliyopita ulikuwa wa kulia."

Mwanangu, nimebishana bei na watu wagumu, lakini hakuna aliyewahi kunikamata hivyo. Nikajaribu kujikwamua, nikasema maumivu yenyewe huhamahama.

"Na leo yamehamia wapi? Nilikuwa dirishani ukitoka kwenye gari."

Nikaweka kikombe chini nikamweleza yote: moyo, karatasi ya kwenye waipa, yule wa kutafuta kadi ya kununua. Nilitegemea atacheka, kwa sababu nilikuwa nimeyapanga yachekeshe. Hakucheka. Akaniambia kwa nini mjukuu wake haji.

Elia alikuwa na ugonjwa wa neva. Asubuhi miguu yake ina nguvu, na kabla ya mchana imeisha kama chaji ya simu ya zamani. Naye alikuwa amepewa kadi ya buluu. Jumapili ya kwanza aliyoitumia, aliegesha kando ya gari langu, mimi nikiwa nimeshaingia ndani, akashuka vizuri tu, na Baba Nestori akamsimamisha mbele ya watu: Mama Njeri tunamwona anachechemea, wewe unachechemea wapi? Elia hapendi kujieleza. Alirudi garini, akaenda kuegesha mbali, akatembea na gitaa lake begani. Wimbo wa tatu miguu ikamwishia, akakaa chini katikati ya kwaya, nasi tukadhani ni uchovu, na nyuma yake akasikia mtu akisema huyu amekunywa. Tangu siku ile hatoki ila kwenda kazini. Juzi alimwambia bibi yake kwamba kadi atairudisha manispaa, afadhali akae nyumbani kuliko kuitwa tapeli.

"Wewe umewauzia watu sampuli," Bibi Kezia akaniambia. "Umewaonyesha ugonjwa unavyotakiwa kufanana. Mjukuu wangu akaja na wa kwake, haufanani na sampuli, akaonekana mwongo. Na wewe uliyedanganya unabebewa sufuria."

Nilimuuliza sasa nifanye nini. Akachukua chapati moja, akaikunja, akasema: "Tembea."

Jumapili iliyofuata niliegesha mahali pangu, nikashuka, nikatembea wima kama mtu aliyelipwa. Baba Nestori aliponiona alinyanyua mikono yote miwili. "Bwana asifiwe, Mama Njeri, umepona." Watu wakageuka. Wengine walishaanza kupiga makofi, na mmoja alishakimbilia ndani kumwarifu mchungaji. Nisikufiche, mwanangu, jaribu lilikuwa kubwa. Ningenyamaza kidogo tu, ningepewa kipaza sauti nitoe ushuhuda.

"Sijapona," nikasema. "Mguu haujawahi kuuma. Kinachougua ni moyo, na nyinyi hamuwezi kuuona."

Makofi yakafa moja moja. Baba Nestori akatazama mguu, kisha sufuria, akauliza kama miezi yote hiyo nilikuwa nikimbebesha bure. Nikamwambia uzito wa sufuria ulikuwa wa kweli. Watu wakacheka, naye akacheka kwa shida, na kabla hajamaliza kucheka nikamletea habari za Elia, bila kutaja ugonjwa, maana si wangu wa kutaja.

Hapo tukaingia kwenye bei. Yeye alifungua juu: Elia aje amweleze anaumwa nini. Nikamwambia daktari ameuliza, manispaa imeuliza, wewe ni ofisi ya tatu ya nini? Akashuka: basi alete cheti. Nikakataa. Akashuka tena: aigeuze kadi aonyeshe picha. Nikamuuliza kama yangu alishawahi kuigeuza hata mara moja, au aliutazama mguu tu. Kisha, mzee wa watu, akakaa kwenye ngazi akaniambia kwamba miaka yote ya basi aliwainua vijana kwenye viti vya mbele akiwaona wana afya, na sasa anajiuliza ni wangapi alioshindana nao bure. Tukafunga hivi: kadi ikiwa kwenye dashibodi, yeye anasema "karibu," na neno la pili hakuna. Na yeye mwenyewe aende Vårby gård akaombe radhi.

Alikwenda. Sijui walisema nini. Theluji ilipoyeyuka Elia alirudi, akaegesha mlangoni, akapiga besi akiwa amekaa kwenye kigoda. Hajapona. Kuna Jumapili hawezi kuja kabisa. Lakini kadi hakuirudisha.

Kwa hiyo, mwanangu, ukimwona mtu anashuka mzima kwenye nafasi ile, kumbuka kwamba unaona hatua zake za kwanza tu, na hujui amebakiwa na ngapi. Mwache apite. Na ikiwa wewe ndiye unayeumwa pasipoonekana, usiigize ili watu waridhike. Wewe utapata amani ya siku moja, na anayekuja nyuma yako utakuwa umempandishia bei. Sema "siwezi kutembea mbali," ukishindwa kusema nyamaza, lakini usiuze sampuli. Mungu akupe miguu ya kukufikisha unakokwenda, na isipokufikisha, akupe nafasi karibu na mlango.

Limebaki moja, na hili nalileta kwako kwa sababu mimi limenishinda. Baba Nestori anatimiza makubaliano hadi leo, na sasa ni miaka. Anasema "karibu" peke yake. Lakini anaisema kwa sauti ya mazishini, amevua kofia, ameinamisha kichwa, na watoto wa Elia, maana sasa naye ni baba, wameanza kumwiga. Elia anasema afadhali angefokewa. Mzee ana moyo safi, sitaki kumuumiza. Nimwambie nini? Ukipata wazo zuri nipigie simu. Chapati zipo, idadi tutaelewana.